Pikipiki Tuliyoiunda Kishanda

Injini ilifika nyumbani ndani ya tenga, imefunikwa majani ya mgomba kama ndizi zinazokwenda kuivishwa. Kaka yangu na jirani mmoja waliibeba kutoka barabarani, mti mabegani, tenga likining'inia katikati. Mama alipowaona wakipita kwenye kibanja, shamba letu la migomba, alidhani wameleta nyama, akaanza kuosha sufuria kubwa. Walipotua mzigo uani na kufunua majani, alikitazama kile chuma cheusi kilichojaa grisi na matope, akamtazama mwanawe, kisha akarudi jikoni bila neno.

Tulikuwa tumepata Uhuru si zamani. Bwana shamba Mzungu aliyekuwa akizunguka Muleba nzima kukagua mibuni yetu alikuwa amerudi kwao, na pikipiki yake, ambayo aliiangusha kwenye mteremko ikapinda fremu, ikabaki nyuma ya ghala la kahawa, imelala ubavu, nyasi zikiota katikati ya spoki. Kaka alikwenda kuiomba. Karani wa pale alimshangaa kidogo, akamwambia aondoe takataka zake haraka kabla hajabadili mawazo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na badala ya kupelekwa mbali kama nilivyotumaini, nikapangiwa shule ya kwetu Kishanda. Nikarudi kulala katika chumba nilichokulia. Kaka alikuwa na miaka michache kunizidi. Alifanya kazi katika karakana ya misheni, akitengeneza vitanda vya chuma, madirisha na mabomba ya maji, na wazee walikuwa wameanza kumuuliza kwa adabu ataoa lini. Yeye akawa anacheka tu. Nadhani walipoona injini walielewa kwamba jibu litachelewa.

Siku moja nilikuwa napita nyuma ya jiko na madaftari ya wanafunzi mikononi. Kaka alikuwa ameiweka injini juu ya ubao, anahangaika kuitenganisha. Aliniita bila kugeuka, kwa Kihaya, kama ndugu wa nyumba moja wanavyoitana: "Mwana waitu, hebu shika hapa." Nikaweka madaftari kwenye jani la mgomba, nikashika. Sikuachia mpaka jua lilipozama. Kesho yake nilifundisha hesabu nikiwa na kucha nyeusi, na watoto wa dawati la mbele wakawa wanasukumana viwiko.

Kuanzia hapo, Jumamosi mchana zikawa za pikipiki. Sitaki mtu adhani ilikuwa biashara. Hatukuwa na haja kubwa ya pikipiki. Baiskeli ya baba ilitufikisha kila tulipotaka kufika. Kaka aliipenda kazi yenyewe. Alipenda kukaa mbele ya kitu ambacho hakijawa kitu, akakitazama, akakigeuza, akauliza kinaweza kuwa nini. Na mimi, ambaye wiki nzima nilisema mambo yaliyokwisha andikwa vitabuni, nilianza kuzisubiri Jumamosi kama mgonjwa anavyosubiri nafuu.

Pistoni ilikuwa imeshika kutu ndani ya silinda. Tukaimwagia mafuta ya taa na mafuta ya mashine, tukaiacha, tukairudia, tukaiacha tena. Wiki zikapita hivyo, mpaka mchana mmoja kaka aliipiga taratibu kwa kipande cha mti, nayo ikasogea upana wa ukucha. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaketi chini matopeni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama akachungulia dirishani kuona kama tumelewa rubisi.

Kazi yangu ikawa vali. Alinionyesha jinsi ya kupaka dawa ya kusagia, kisha kuizungusha vali kati ya viganja huku na huku, kama mtu anayepekecha moto, mpaka ikalie kiti chake bila kupitisha hata pumzi. Yeye hakuwa na subira ya jambo hilo. Alisema mkono wangu ni mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu nimezoea kurudia. Sijawahi kujua kama ilikuwa sifa au utani.

Fremu iliyopinda tuliikata, tukabaki na sehemu ya mbele. Sehemu ya nyuma tuliipata Kashai, pale Bukoba mjini, kwa mtu aliyekuwa na pikipiki ndogo iliyoungua. Vipande hivyo viwili havikuwa na undugu wowote. Tukavipandisha juu ya lori la kahawa mpaka Kagondo, kwa fundi mmoja aliyekuwa na mtungi wa gesi ya kuchomelea. Yule fundi alikuwa Mlutheri mwenye mzaha, na alipojua sisi ni Wakatoliki alisema atatuunganishia vizuri, maana amechoka kungoja maaskofu. Mpaka leo sijaona kiungo kizuri kama kile. Alikipitia kwa tupa na msasa mpaka kidole kikawa hakigundui chuma cha Mwingereza kinaishia wapi.

Usukani tuliutengeneza kwa bomba la maji. Tulilijaza mchanga mkavu, tukaziba ncha kwa vigingi, tukalipasha moto mpaka likawa jekundu, tukalikunja kwenye kisiki taratibu; mchanga ulizuia bomba lisibonyee. Tangi kaka alilifua kutoka kwenye bati la pipa, na kwa kuwa hakuweza kulifanya la pembe, likawa la mviringo, nene nyuma na jembamba mbele. Mama alipoliona likikauka rangi juani alisema, "Mmetengeneza kibuyu." Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya jambo lile. Tulifurahi kana kwamba askofu ametubariki.

Kiti nilikitengeneza mimi. Kaka alichonga ubao wa omusambya ukafuata umbo la mtu, nami nikaufunika kwa nyuzi kavu za mgomba, juu yake vipande vya olubugo, lile gome la mti ambalo wazee wetu walivaa kabla ya nguo za dukani, na juu kabisa ngozi ya ng'ombe, nikaishona pembeni kwa sindano ya magunia. Nilikifanya kirefu, cha watu wawili.

Mara ya kwanza tulipoiwasha ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Mara nyingine ikawaka, ikanguruma, na kuku wote wa jirani wakaingia kibanjani. Kaka alikuwa ameiunda chini sana, karibu iguse ardhi, kwa sababu aliona picha ya namna hiyo katika gazeti kuukuu la wamisionari. Nilikuwa nimemwambia kwamba barabara zetu si za pichani. Hakusikia. Akashuka mteremko wa kwanza wa Kishanda, jiwe likachukua eksozi nzima, na akarudi akisukuma pikipiki kwa mkono mmoja, eksozi ya moto imening'inia kwenye kijiti mkono wa pili. Nilijitahidi nisicheke. Tukaivunja yote, tukaanza kuinyanyua upya.

Ndivyo alivyokuwa. Kila ilipokaribia kukamilika aliona kitu kingine. Madigadi ya mbele ni pana mno. Mlio ni mzito mno, tupunguze tundu la eksozi. Taa ishuke. Mara mbili aliipaka rangi, mara mbili akaikwangua. Eksozi aliichokonoa mpaka ikatoa sauti yake yenyewe, nzito chini, na juu kidogo kitu kama mluzi. Hakukuwa na pikipiki nyingine katika mkoa mzima wa Ziwa Magharibi iliyolia vile, na watu wa vijiji vitatu waliijua kabla hawajaiona.

Mimi nilijifunza kuiendesha kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ulio wazi kati ya kijiji na kijiji, ambako mtu akianguka anaonwa na ng'ombe tu. Nilishona suruali ya kaki ya kuvaa ndani ya gauni. Habari hazikukawia. Shangazi yetu alikuja na wenzake wawili, wakapokelewa, wakapewa kahawa ya kutafuna, wakamweleza baba kwamba binti aliyesoma hapandi chuma kwa kutanua miguu mbele ya watu, na kwamba hata padri ameuliza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Mimi nimempa miguu. Namna ya kuikalisha hatukupatana." Akainuka kwenda kukata majani ya mgomba makavu, na suala likaishia hapo.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Bukoba, msimu wa senene. Tulitoka Kishanda asubuhi, tukapita Muleba, ziwa likaanza kuonekana upande wa kulia, linapotea nyuma ya kilima, linarudi. Kaka aliendesha kwenda, mimi kurudi. Tulizunguka Kashai bila shughuli yoyote, watu wakitusimamisha kuuliza imetengenezwa nchi gani. Kaka akiwajibu "Kishanda," walidhani ni mji wa Ulaya. Tukanunua senene wa kukaanga kwenye karatasi, tukala tukiwa tumekaa juu ya kiti changu cha ngozi, mvua ikianza kudondoka.

Mvua ile ilitukuta kwenye rweya tukirudi. Maji yakaingia kwenye magneto, kile kifaa cha kutoa cheche, injini ikazima, na hapakuwa na nyumba karibu. Tulijikinga chini ya turubai dogo, magneto mapajani mwangu, nikiifuta kwa kitambaa changu cha kichwani. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na nikamuuliza kaka ni lini hasa tutaimaliza hii pikipiki tupumzike.

Akaniangalia kana kwamba nimesema jambo la ajabu. "Ikiisha," akasema, "Jumamosi tutafanya nini?"

Ikawaka baadaye. Nimeishi miaka mingi sasa, nimefika mahali pengi na kuonyeshwa vitu vizuri, lakini nikiambiwa nichague saa moja ya kurudia katika maisha yangu, nitachagua ile ya kulowa.

Kisha ukaja Ujamaa. Lazima niseme wazi kwamba niliupenda. Nilisikiliza hotuba redioni nikiwa nimesimama. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima, na nilimwona mama yangu mwenyewe akiandika jina lake kwa chaki, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Tulilima shamba la pamoja kule kwenye rweya. Ardhi ya pale ni maskini, mavuno yalikuwa haba, lakini tulikwenda tukiimba. Kaka naye alikuja, ingawa jembe halikuwa chombo chake.

Mwaka mmoja mke wa yule jirani aliyesaidia kubeba injini alishikwa na uchungu wa uzazi ukawa mgumu. Wanaume walimbeba kwa engozi, ile machela yetu ya mabegani, kuelekea hospitali ya misheni. Kaka alikuwa mmoja wa wabebaji. Njia ilikuwa ndefu, imeloa, wakawa wanateleza. Yule mzazi alipona. Mtoto alifia njiani.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kaka nyuma ya jiko anachora chini kwa kijiti. Alitaka kuweka kitanda ubavuni mwa pikipiki, chenye gurudumu lake. Mabomba tulikuwa nayo. Gurudumu la tatu lilitoka kwenye ile pikipiki ndogo ya Kashai. Kitanda chenyewe kilisukwa na wazee wasuka matenga, kwa mianzi na matete, kirefu kama mtu, chenye kingo za kushikilia. Jirani yule yule aliyempoteza mtoto ndiye aliyekuja kila jioni kukata matete. Nadhani hiyo ndiyo kazi bora tuliyowahi kufanya, kaka na mimi, na ndiyo kazi pekee ambayo hatukuibishania.

Mwanamke wa kwanza kulala ndani yake alifika hospitali akilalamika kwamba mgongo unamuuma kwa mitikisiko. Akajifungua binti, mzima. Baada yake wakaja wengine. Watu wakaiita pikipiki Engozi.

Ikawa inakwenda siku zote, na mfuko wa fundi na mwalimu haukutosheleza petroli. Kijiji kikawa kinachangia. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo, akasema mkutanoni kwamba kitu kinachonyweshwa na wote ni vyema kiwe cha wote. Aliuliza wenye mali wanasemaje. Kaka alinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, na niliona fahari kifuani ambayo sijaisahau.

Engozi ikahamia stoo ya kijiji, ikapewa dereva wake na kufuli lake. Kaka aliitwa ikiharibika tu. Jumamosi moja alikwenda stoo na springi begani. Alikuwa amefikiria mitikisiko ile wiki nzima; alitaka kubadilisha springi za kitanda ili mama wajawazito wasiumie. Nilikuwa nimefuatana naye. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Fundi, hiki sasa ni kifaa cha umma. Kikiharibika tutakuita. Lakini hakifanyiwi tena majaribio."

"Ndiyo, mwenyekiti," kaka akasema.

Tulirudi nyumbani na springi yetu. Njiani alizungumza juu ya hali ya hewa. Mwenyekiti hakukosea; mimi pia, kama ningekuwa na wajawazito wanaokitegemea kile kitanda, nisingemruhusu mtu akivunje kila wiki kwa sababu amepata wazo. Ila niliona kitu kinazimika usoni mwa ndugu yangu, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Jumamosi zilizofuata nilisahihisha madaftari. Yeye alipalilia kahawa, vibaya, akikata na mizizi.

Siku zikaenda, Engozi ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na Bukoba nzima hazikupatikana za ukubwa ule. Kamati ikaamua kaka aende Kampala kuzitafuta. Wakati huo watu wetu walikwenda Uganda kama wanavyokwenda gulioni. Alivaa shati jipya. Asubuhi ile alikuwa mchangamfu kama zamani, akamwambia mama atarudi kabla kahawa haijaiva, akapanda lori.

Ringi zilirudi. Dereva mmoja alinikabidhi pale Kashai, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, pamoja na salamu kwamba kaka amepata kazi kwenye gereji kubwa yenye mashine ambazo hajawahi kuziona, atakaa kidogo. Kisha kule wanajeshi wakachukua serikali, kuvuka mpaka kukawa kugumu, wavukaji wakapungua, na salamu zikakatika.

Nilimwomba mwenyekiti ruhusa, nikazifunga zile ringi mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuifungua ile injini bila yeye. Mara kadhaa nilinyoosha mkono pembeni kupokea spana, nikakuta hewa. Ilipowaka na moshi kuisha, dereva alinipongeza sana. Nilikwenda nyuma ya stoo nikanawa uso.

Baada ya hapo nilikuwa na tabia niliyoificha. Nikisikia mlio wowote unapanda kilima cha shule, chaki ilisimama ubaoni. Nilijua si kaka, nilijua ni lori la pamba au gari la wilaya, lakini mkono haukukubali kuendelea mpaka mlio upite. Nyumbani mama hakuwa anainuka gari likipita. Aliacha kumenya ndizi tu, kisu kimetulia, halafu akaendelea. Kila mmoja wetu aliliona hilo kwa mwenzake. Nikifika Bukoba nilipita Kashai kwenye maegesho ya malori, nikiuliza madereva. Walinizoea. Wengine walinitingishia kichwa kutoka mbali ili nisisumbuke kuvuka barabara.

Petroli ikaanza kuwa adimu. Kwanza wakakataza kuendesha Jumapili mchana, kisha ikawa hata siku zilizoruhusiwa hakuna cha kutia. Engozi ikasimama stoo, matete ya kitanda yakaliwa na panya. Vita vilipokuja tulisikia mizinga kwa mbali upande wa kaskazini, na kijiji kikajaa ndugu waliokimbia mpakani, watu wakilala mpaka kwenye maghala. Baba alifariki mwaka ule, kwa ugonjwa wa kawaida, akimwuliza mama kama njia ya Uganda imefunguliwa.

Ilipofunguliwa, mwenyekiti alikuja kwetu akisukuma pikipiki yeye na kijana wake. Shamba la pamoja lilikuwa limerudi kuwa nyasi. Akaiegemeza nyuma ya jiko. "Mwalimu," akasema, "tulikopa. Tunarudisha." Nikamkaribisha kahawa.

Muda si mrefu mchuuzi mmoja wa nguo akatuambia amemwona kaka huko Masaka, Uganda. Ni mzima. Ana mke na watoto.

Mama alinisukuma niende kesho yake. Nilipita mpakani Mutukula na malori, nikafika Masaka mji ukiwa bado magofu, kuta zimesimama bila mapaa. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa amenenepa shingoni na mvi zimeanza. Aliniona, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwana waitu," akasema, "umekuja na nini?"

"Na lori."

"Hukuja na pikipiki?"

"Petroli iko wapi?"

Tukacheka, kisha tukashindwa kucheka. Mke wake, Mganda mpole, akapiga magoti kunisalimia, nikamwinua. Kiganda na Kihaya havipo mbali, tulielewana. Alinipikia matoke, akatuacha tuzungumze. Nikamweleza habari za baba. Alilia bila kujificha. Baadaye nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote, kwa nini hakurudi.

"Mwanzoni niliogopa askari wa mpakani," akasema.

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa na watoto." Akaona halijatosha. "Na ningerudi kufanya nini? Ningekuwa napita stoo kila siku, naichungulia dirishani."

Nikamwambia iko nyumbani sasa, nyuma ya jiko. Alikaa akitazama mikono yake.

"Springi walibadilisha?"

"Hakuna aliyebadilisha kitu."

"Na wewe?"

"Mimi niliweka zile ringi tu."

"Ile mianya ya ringi uliipanga vipi?"

"Niliipishanisha, isikae mstari mmoja. Kama ulivyonifundisha."

Akatikisa kichwa akikubali, na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani. Akaanza kuuliza kimoja kimoja, tangi, usukani, ngozi ya kiti, kama mtu anayeuliza habari za watoto aliowaacha kwa ndugu. Alisema atakuja Krismasi. Nilimwamini njia nzima ya kurudi. Mama alimwamini zaidi. Akatenga ndizi za rubisi. Krismasi ikapita, na nyingine, na mama akaondoka duniani bila kumwona. Kaka alituma salamu za rambirambi na kitambaa cha sanda kilichofika tumeshazika.

Sikumkasirikia. Au nilimkasirikia, kisha nikachoka. Likizo moja nilibeba spana, nikaanza kuivunja ile pikipiki peke yangu. Niliondoa kitanda kilichooza, nikabadilisha springi, nikashusha taa, nikaukunja usukani upya ili unifae mimi, mwanamke mwenye magoti yanayoanza kulalamika. Kila mwaka nikawa nageuza kitu. Walimu wenzangu walidhani natafuta ubora fulani nisioupata. Nilikuwa nazitunza tu Jumamosi zangu.

Habari za kifo cha kaka zilinifikia akiwa ameshalala kaburini wiki kadhaa. Ilikuwa moyo. Nilikwenda Masaka hata hivyo. Mjane wake alinipeleka kwenye kaburi, katikati ya migomba ambayo ingeweza kuwa ya kwetu, tukapalilia magugu pamoja. Tuliporudi tukaketi kibarazani tukimenya ndizi, watoto wakubwa wakiwa kazini, mchana umetulia. Akaniuliza, kwa aibu kidogo, mume wake alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa kijana. Maana yeye, akasema, alimjua mtu mwema, mkimya, mchapakazi, lakini daima alimwona kama mgeni aliyekaa karibu na mlango.

Nikamwambia alikuwa mtu wa kucheka. Hakuamini. Nikamsimulia juu ya tenga na sufuria ya mama, juu ya eksozi kwenye kijiti, juu ya mchana wa pistoni alipoketi matopeni akicheka mpaka akalia. Mwanamke yule aliacha kumenya. Alikuwa ameishi naye miaka yote ile na hakuwahi kusikia hata neno moja juu ya pikipiki.

"Alicheka kwa sauti?" akauliza.

"Kwa sauti. Mpaka mama akachungulia dirishani."

Akafikiri, kisu mkononi. Kisha akaniomba nimwonyeshe kilikuwa kicheko cha namna gani. Nikajaribu. Sikuweza kukipata sawasawa, nikajaribu tena.